Unayempenda au anayeuzika? Clinton na Obama wa 2008 kwa anayejiandaa na mchujo wa 2028

Kila mchujo wa vyama ukikaribia Marekani, hakosi mgombea anayesifiwa weee, kisha anawekwa pembeni kwa sentensi moja. Ana akili, anajua kuongea, sera zake hazina kasoro, lakini hauziki: Wazungu wa Ohio hawatampa kura. Anayeitoa sentensi hiyo mara nyingi si Mzungu wa Ohio. Ni mtu mwenye nia njema kabisa, anaishi New York au Atlanta, na anakisia ubaguzi wa watu asiowajua.

Ulinganisho huu ni wa mpiga kura wa mchujo: Mkenya wa Minneapolis aliyeapa uraia juzijuzi, Mtanzania wa Houston, Mkongomani wa Lexington kule Kentucky. Una wagombea wawili wa chama kimoja, wote unawaona wanafaa, na mmoja anasemwa hauziki kwa sababu ya rangi yake. Hoja hiyo uipe uzito gani? Nimechukua mchujo wa Wademokrat wa 2008 kwa sababu pande zote mbili zilijieleza waziwazi, na matokeo tunayo, si ya uchaguzi mkuu wa Novemba ile tu bali hata ya miaka minane baadaye.

Wawili wenyewe

Hillary Clinton alikuwa seneta wa New York, mke wa rais mstaafu, jina lisilohitaji utambulisho. Barack Obama alikuwa seneta wa Illinois ambaye hata muhula wake wa kwanza hakuwa ameumaliza. Baba Mluo wa Siaya, mama Mzungu wa Kansas. (Kenya siku hizo ilikuwa inawaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na kulikuwa na utani kwamba Marekani itapata rais Mjaluo kabla ya Kenya. Wengine waliucheka huku roho zinawauma.)

Kisera hawakupishana sana. Kubwa lilikuwa Iraq: Oktoba 2002 Clinton alipiga kura ya kumpa Bush idhini ya vita, na mwezi huohuo Obama, akiwa bado seneta wa jimbo tu, aliipinga vita hiyo jukwaani Chicago. Kwenye bima ya afya walibishana kama iwe lazima kwa kila mtu mzima au la. Watu walipokwisha kuyapima hayo, ubishi uliobaki ulikuwa nani atamshinda Mrepublikan.

Hoja ya upande wa Clinton ilikuwa hivi: urais hupatikana kwa kura 270 kati ya 538 za majimbo (kila jimbo lina fungu lake, na karibu kote anayeshinda jimbo hulichukua lote), na Mdemokrat hazifikishi bila Pennsylvania na majirani zake. Huko kuna Wazungu wengi wasio na shahada, watu wa viwanda na migodi, na hao wako na Clinton. Pamoja nao wako wanawake, wazee na Walatino. Upande wa Obama ukajibu kwamba ramani yenyewe inaweza kubadilika: vijana na watu weusi wasiokuwa na desturi ya kupiga kura watajitokeza, na majimbo kama Virginia, yaliyosahaulika kwa miongo, yatarudi uwanjani.

Ukiziangalia vizuri, ya kwanza inahesabu waliopo na ya pili inahesabu watakaokuja. Ya kwanza siku zote husikika ya kiutu uzima zaidi. Ndiyo hatari yake.

Iowa na New Hampshire

Iowa hawakutumia karatasi ya siri. Jioni ya 3 Januari 2008 Wademokrat walikusanyika kwenye kumbi za shule, makanisa na maktaba. Kila kundi likasimama kona yake na watu wakahesabiwa vichwa. Kundi lisilofikia kiwango, ambacho sehemu nyingi kilikuwa asilimia 15, lilivunjika, na hapo jirani akaanza kumbembeleza jirani ahamie kona yake. Yaani Mzungu aliyemchagua Obama alisimama mbele ya mwalimu wa wanawe na fundi wa gari lake, wote wanamwona. Katika jimbo ambalo Wazungu walizidi asilimia 90, Obama alipata karibu asilimia 38. John Edwards na Clinton walikuwa chini kidogo ya 30 kila mmoja, Clinton akiwa wa tatu.

Siku tano baadaye New Hampshire ikapiga kura ya siri. Kura za maoni zilimweka Obama mbele kwa tofauti nzuri, lakini akashinda Clinton, 39 kwa 36. Papo hapo watu wakamkumbuka Tom Bradley, meya mweusi wa Los Angeles, aliyeongoza kwenye kura za maoni za ugavana wa California mwaka 1982 kisha akashindwa na George Deukmejian. Maelezo yakawa rahisi: Wazungu huwadanganya wanaowahoji, wakifika kwenye kibanda peke yao wanarudi kwa mwenzao.

Tatizo la maelezo hayo ni tarakimu. Obama New Hampshire alipata karibu kilekile alichotabiriwa. Aliyekosewa alikuwa Clinton: kura zake zilikadiriwa chini mno, na wengi waliomwongezea walikuwa wanawake walioamua siku za mwisho. Kama watu walidanganya, walipaswa kuonekana wakitoka kwenye fungu la Obama, na fungu hilo halikupungua kwa kiasi hicho. Mimi tangu hapo nikisikia mtu anaeleza matokeo kwa "Wazungu walidanganya" namuuliza kwanza ni fungu la nani lililobadilika.

Watu weusi wa South Carolina, mahasibu kuliko wote

Linalosahaulika ni kwamba mwaka 2007 wapiga kura weusi wengi walikuwa na Clinton, si Obama. Si kwamba hawakumpenda. Waliamini Mmarekani mweupe hatampa kura, na hawakutaka kupoteza zao. Wapo pia waliomhofia maisha yake. Obama alipewa ulinzi wa Secret Service, kikosi kinacholinda marais, Mei 2007, mapema kuliko mgombea yeyote kabla yake.

Kilichobadilisha mambo si hotuba. Ni Iowa. Walipoona jimbo la Wazungu limempa ushindi, hesabu yao ikageuka ndani ya wiki tatu. Tarehe 26 Januari, South Carolina, ambako zaidi ya nusu ya waliopiga kura kwenye mchujo wa Wademokrat walikuwa weusi, Obama alipata asilimia 55 na Clinton 27. Kwa weusi alichukua karibu wanne kati ya kila watano. Kwa Wazungu alipata robo hivi. Bill Clinton, mume wa Hillary, akawakumbusha waandishi kwamba Jesse Jackson, mgombea mweusi wa zamani, naye alishinda South Carolina mwaka 1984 na 1988. Hakusema waziwazi, lakini maana haikumpita mtu: huyu ni mgombea wa weusi tu.

Sasa lisogeze mbele miaka kumi na miwili. Februari 2020 Joe Biden alikuwa ameshika nafasi ya nne Iowa na ya tano New Hampshire. Wagombea weusi wakubwa, Kamala Harris na Cory Booker, walikuwa wamejitoa hata kabla ya kura ya kwanza. Jim Clyburn, mbunge mweusi wa South Carolina, akamuunga mkono Biden, na siku tatu baadaye South Carolina ikampa karibu nusu ya kura zote, weusi wakiwa mbele. Wapiga kura ni walewale wa 2008, safari hii wamemchagua mzee wa Kizungu. Ukisema 2008 walifuata rangi, 2020 itakushinda kuieleza. Mara zote mbili walikuwa wanapiga hesabu ya jinsi wengine watakavyopiga kura, na mara zote mbili mgombea wao aliingia Ikulu.

Idaho dhidi ya New Jersey

Hapa pana jambo la kanuni ambalo wengi hulipita. Mchujo hauamuliwi kwa majimbo uliyoshinda bali kwa wajumbe wa mkutano mkuu. Kwa Wademokrat wajumbe hugawanywa kwa uwiano wa kura, ili mradi mgombea amefikisha asilimia 15. Utaratibu huo kuenea nchi nzima ulitokana na shinikizo la Jesse Jackson baada ya kampeni yake ya 1988, alipopata kura karibu milioni saba na kuona wajumbe hawalingani nazo.

Tarehe 5 Februari 2008 Clinton alishinda New Jersey, jimbo kubwa, kwa wajumbe 59 dhidi ya 48. Faida: 11. Siku hiyohiyo Obama alishinda Idaho, ambako Wazungu ni karibu wote na Warepublikan hushinda kila mara, kwa wajumbe 15 dhidi ya 3. Faida: 12. Televisheni zote zilizungumza New Jersey.

Kwa hiyo Clinton aliposema ameshinda majimbo makubwa alisema kweli, na bado alikuwa anashindwa.

Milima ya West Virginia

Mwezi Mei, Obama akiwa mbele kwa wajumbe, hoja ya rangi ilitolewa bila kificho. Machi kulikuwa kumezuka video za mchungaji wake, Jeremiah Wright, akiilaani Marekani, na Obama akatoa hotuba nzima kuhusu rangi mjini Philadelphia tarehe 18. Aprili Clinton akashinda Pennsylvania kwa pointi tisa hivi. Mei, katika mahojiano na gazeti la USA Today, akataja kudhoofika kwa Obama mbele ya Wamarekani wachapakazi, Wamarekani weupe. Kisha West Virginia ikampa Clinton 67 kwa 26, na wiki moja baadaye Kentucky 65 kwa 30.

Hoja hii naipa nusu ya haki yake. West Virginia haikumtaka Obama, na haikuwa siri. Mwaka 2012, akiwa rais aliyeko madarakani, mchujo wa Wademokrat wa jimbo hilo ulimpa mpinzani wake asilimia 41, na mpinzani huyo alikuwa mfungwa aliyekuwa gerezani Texas siku hiyohiyo ya kura. Watu waliona afadhali mfungwa. Huo usiuite ubishi wa kisera.

Lakini kukataliwa West Virginia ni jambo moja, kushindwa urais ni lingine. Jimbo hilo lilikuwa na kura tano kati ya zile 538. Novemba 2008 Obama alishindwa West Virginia na Kentucky kama ilivyotabiriwa, akashinda Pennsylvania na Ohio ambako aliambiwa hawezi, akashinda Virginia na Indiana ambako hakuna Mdemokrat aliyekuwa ameshinda tangu 1964. Jumla 365 kwa 173. Clinton naye akaja kugombea mwaka 2016, akiwa ndiye aliyeuzwa kama mlinzi wa majimbo ya viwanda, na akazipoteza Ohio, Pennsylvania, Michigan na Wisconsin. Tatu za mwisho zilimponyoka kwa jumla ya kura zisizofika 80,000. Kweli, ilikuwa imepita miaka minane, na Trump aliyemshinda si John McCain aliyeshindwa na Obama. Ila anayetaka kujua hoja ya 2008 ilitabiri nini, jibu ni hilo.

Wazungu wangapi, si kama watampa

Tangu Lyndon Johnson mwaka 1964 hakuna mgombea urais wa Wademokrat aliyepata wengi wa Wazungu. Hakuna, awe mweupe au mweusi. Johnson alisaini Sheria ya Haki za Kiraia mwaka ule, Wazungu wa Kusini wakaanza kuhama chama, na weusi, ambao hadi miaka ya 1930 walikuwa wengi kwa Warepublikan, chama cha Lincoln, wakahamia karibu wote upande wa pili. Vyama vya leo vilizaliwa hapo.

Kwa hiyo "Wazungu hawatampa kura" ni sentensi isiyomtofautisha mgombea yeyote wa chama hicho na mwenzake. Swali lenye maana ni watapungua kiasi gani kuliko kawaida. John Kerry, Mzungu, mwanajeshi wa Vietnam, mwaka 2004 alipata asilimia 41 ya Wazungu. Obama 2008 alipata 43. Mwaka 2012 alishuka hadi 39 na bado akashinda, wakati mpinzani wake Mitt Romney alipata 59 na akashindwa. Anayekuambia mgombea fulani hauziki kwa Wazungu mwombe akupe tarakimu mbili: ya mgombea uliyenaye na ya Mdemokrat wa mara ya mwisho. Akikosa ya pili, anakisia tu.

Kwa Warepublikan

Huku mjadala ni mfupi. Mwaka 1995 Colin Powell, jenerali mstaafu mweusi, alikuwa akimshinda Bill Clinton kwenye kura za maoni, na Novemba akatangaza hagombei, kwa hiyo hatukupata jaribio. Herman Cain aliongoza kura za maoni za mchujo kwa muda mwishoni mwa 2011, na Ben Carson mwishoni mwa 2015, wote wawili weusi. Wote walizama, ila si kwa hoja ya kuuzika. Mwaka 2024 Nikki Haley, binti wa wahamiaji kutoka India, alisimamisha kampeni yake juu ya hoja hiyohiyo: mimi kura za maoni zinaonyesha nitamshinda Biden kwa urahisi kuliko Trump. Wanachama wakampa Vermont na mji mkuu Washington, basi. Majimbo mengi ya Warepublikan humpa mshindi wajumbe wote au karibu wote, kwa hiyo huko wa pili akikaribia haimsaidii.

Na wapiga kura wa chama hicho wana sababu ya kuidharau hoja. Baada ya Romney kushindwa, makao makuu ya chama yalitoa ripoti mwaka 2013 ikitaka walegeze msimamo kuhusu wahamiaji ili wawapate Walatino. Trump alifanya kinyume chake kabisa, akashinda 2016, na 2024 akaongeza kura za Walatino.

Na Harris je?

Utaambiwa 2024 imemaliza ubishi. Biden alijitoa 21 Julai, Kamala Harris akapewa tiketi bila mchujo, akashindwa 312 kwa 226 na majimbo yote saba ya ushindani yakaenda kwa Trump. Mwanamke mweusi, tumejaribu, haiwezekani.

Mimi sisomi hivyo. Kura za nchi nzima zilikuwa takriban 49.8 kwa 48.3, na Wisconsin, Michigan na Pennsylvania alizikosa kwa chini ya pointi mbili kila moja. Alikuwa makamu wa serikali iliyochukiwa kwa bei za vyakula, na mwaka huohuo vyama tawala viliadhibiwa Uingereza, Japani na kwingineko, bila mgombea mweusi. Rangi na jinsia kumpunguzia kura? Naamini zilimpunguzia. Kiasi gani, hakuna anayeweza kukitenga na bei ya mayai. Kilicho wazi zaidi ni kwamba hakupitia kipimo alichopitia Obama: hakuna Iowa yake, hakuna mahali aliposimama mbele ya watu wasiomfahamu wakamchagua kati ya wenzake. Ukimlinganisha na Obama, tofauti hii naiona nzito kuliko ya jinsia.

Uchague vipi

Ukiwa na wawili kama wale wa 2008, nakushauri uanze na unayempenda, kisha umjaribu kwa matokeo ya majimbo yasiyofanana naye. Mgombea mweusi aliyeshinda mahali penye Wazungu watupu, au Mzungu aliyeshinda kwa weusi wa Kusini, ameshajibu sehemu kubwa ya swali. Kushindwa kwake katika jimbo ambalo chama hakilishindi Novemba kusikutishe. Kura za maoni za Novemba zikifanywa Februari, ziangalie kwa jicho moja.

Hali moja ningemwacha ninayempenda: kama yuko chini ya asilimia 15 jimboni kwangu na siku ya kura imefika. Hapo kura yangu huenda isimpe mjumbe hata mmoja, na wawili wanaobaki ndio wanaogawana. Wasiwasi wa zamani kwamba vigogo watapindua matokeo nao umepungua. Tangu 2018 wale wajumbe maalumu wa Wademokrat, yaani magavana, wabunge na viongozi wa chama, hawapigi kura kwenye duru ya kwanza ya mkutano mkuu ila pale ambapo mshindi ameshajulikana.

Angalia pia kama mchujo wa jimbo lako unakuruhusu kuingia. Texas, Georgia, Virginia na Minnesota hazisajili watu kwa vyama. Unafika siku hiyo na kuchukua karatasi ya chama unachotaka. Pennsylvania, New York, Florida na Kentucky ni lazima uwe umesajiliwa ndani ya chama husika. Mkongomani wa Lexington aliyejiandikisha chama kimoja na sasa anataka kupiga kura kwenye mchujo wa kingine Mei 2028, mwisho wake wa kubadili ni 31 Desemba 2027.